Mkono wa Mrushaji na Daftari la Meneja

Kuongoza timu ni kuamua juu ya vitu ambavyo havitoshi: wachezaji hawatoshi, fedha hazitoshi, siku za kupumzika hazitoshi, na habari ambazo kiongozi angependa kuwa nazo kabla ya kukata shauri aghalabu humfikia baada ya shauri kwisha kukatwa. Kwa sababu hiyo naamini kwamba michezo ya kompyuta inayojaribu kuuiga uongozi huo, hususan ile ya besiboli, yastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko inavyotazamwa na wazee wengi wa pwani yetu, ambao wakilisikia neno gemu huwaza tu vijana wanaopoteza wakati na shilingi. Nasema pia tangu mwanzo kwamba ubora wa mchezo wa namna hii haupimwi kwa uzuri wa picha zake, hata kama jasho la mchezaji laonekana likimtiririka usoni. Hupimwa kwa jinsi unavyomlazimisha aliyeushika kuishi ndani ya mipaka ile ile inayombana meneja wa kweli.

Katika Bagamoyo, kuanzia Dunda na Magomeni hata huko Kerege na Mapinga, ambako nyumba mpya huzidi kuifuata barabara iendayo Bunju na Dar es Salaam, ni nadra kupita mitaa miwili bila ya kukuta kibanda cha gemu: chumba chembamba, televisheni mbili au tatu, benchi la mbao, waya zilizotambaa sakafuni, na vijana wanaongoja zamu ya kushika pedi. Wanachocheza humo karibu wakati wote ni mpira wa miguu, na kanuni ya kibanda yajulikana na kila mtoto: mshindi hubaki, aliyepigwa huinuka. Mchezo huo una fadhila zake, maana hunoa wepesi wa jicho na wa kidole. Lakini ni mchezo wa dakika chache, ambao ndani yake mshambuliaji hachoki kwa sababu ya mechi ya jana, hadai mshahara, hazeeki, wala hauguliwi na mama huko kwao. Mechi ikiisha, kila kitu huanza upya. Katika michezo ya uongozi hakuna jambo linalosahauliwa: ulilolifanya Jumatatu hukungojea Alhamisi, na ulilolifanya msimu huu hukudai malipo msimu wa tatu.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo wa besiboli, inafaa nieleze kidogo. Timu ni mbili, kila moja ina watu tisa. Mrushaji husimama juu ya tuta dogo katikati ya uwanja, akaurusha mpira kwa mwendo wa takriban mita 18 na nusu kumwelekea mpigaji aliyeshika gongo, ambaye nyuma yake amechutama mdakaji mwenye glavu nene. Mpigaji akiupiga mpira ukaangukia mahali pasipo mtu, hukimbilia besi ya kwanza, na akifanikiwa kuzipitia besi zote hata akarudi alikoanzia, timu yake hupata pointi moja. Wapigaji watatu wakitolewa, timu hubadilishana nafasi. Na zikishabadilishana hivyo kwa vipindi tisa, mwenye pointi nyingi ndiye mshindi. Hakuna saa ya kuumaliza mchezo, wala hakuna namna ya kulinda ushindi kwa kuupoteza wakati, kwa sababu ni lazima wapigaji watatu wa upande wa pili watolewe katika kila kipindi.

Umbo hili la mchezo ndilo lililoufanya uwe rafiki wa hisabu. Katika mpira wa miguu watu 22 huenda kwa wakati mmoja, na ni vigumu kusema bao limetokana na akili ya nani. Lakini katika besiboli kila tukio husimama peke yake, mrushaji mmoja dhidi ya mpigaji mmoja, na matokeo yake huandikwa papo hapo katika daftari. Kwa kuwa Wamarekani wamekuwa wakiyaandika matokeo hayo tangu karne ya 19, wamejirithisha hazina ya takwimu ambayo kwayo mtu mwenye subira aweza kuukadiria uwezo wa mchezaji bila ya kumwona kwa macho, na aweza hata kuujenga mchezo mzima mezani mwake.

Na mezani ndiko ulikoanzia. Mwaka 1961 Mmarekani kijana aitwaye Hal Richman aliutoa sokoni mchezo alioupa jina la Strat-O-Matic, ambao hauhitaji umeme wowote, kwani vifaa vyake ni kadi na dado. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake, na juu ya kadi hiyo zimepangwa safu tatu za matokeo yaliyokokotolewa kutokana na aliyoyafanya uwanjani katika msimu uliopita. Hurushwa dado tatu. Moja huamua kama tokeo litasomwa katika kadi ya mpigaji au katika kadi ya mrushaji, na katika safu ipi, na mbili zilizobaki hujumlishwa ili kuonyesha mstari. Tadbiri hii ni nyepesi kuieleza lakini imebeba maarifa makubwa, maana husema kwamba tokeo lina wazazi wawili, mpigaji na mrushaji, kila mmoja akiwa na sehemu yake sawa, na kwamba juu yao wote wawili kuna nasibu ambayo hakuna meneja aliyepata kuishika mkononi.

Kompyuta zilipokuja zilizikuta kanuni hizo tayari. Mwaka 1971 mwanafunzi wa Chuo cha Pomona, huko California, aitwaye Don Daglow, aliandika programu ya besiboli katika kompyuta kubwa ya chuo. Na mwaka 1987 yeye na mwenzake Eddie Dombrower walitoa, kwa kampuni ya Electronic Arts, mchezo uliochukua jina la Earl Weaver, meneja mashuhuri wa Baltimore Orioles. Weaver alikuwa mtu wa kadi na takwimu hata kabla ya kompyuta kumfikia, kwani alihifadhi kumbukumbu ya jinsi kila mpigaji wake alivyofanya dhidi ya kila mrushaji wa upinzani, akapanga timu kwa kuifuata. Hivyo waundaji wa mchezo waliketi na kiongozi, wakamuuliza anaamuaje na kwa nini, kisha wakajaribu kuyatia majibu yake ndani ya mashine. Mwaka 1999 ukatoka Out of the Park Baseball, ambao hadi leo huhesabiwa na wengi kuwa mchezo ulioizamia zaidi kazi ya umeneja. Na aliyeuanzisha, Markus Heinsohn, ni Mjerumani, mtu wa nchi ambayo mfalme wake ni mpira wa miguu kama ilivyo kwetu. Mapenzi ya hisabu na ya uongozi hayangoji mtu azaliwe karibu na uwanja.

Basi tuutazame uhalisia wenyewe, na tuanze na mpaka wa kwanza, mkono wa mrushaji, kwa kuwa huo ndio rasilimali adimu kuliko zote. Chukua mchezo mmoja, kipindi cha saba. Timu yako inaongoza kwa pointi 3 kwa 2. Mrushaji wako aliyeanza mchezo amekwisha kurusha mipira 94, na kasi yake imeanza kupungua. Wapinzani wawili wako juu ya besi, mmoja ametolewa, na mpigaji anayekuja hupiga kwa mkono wa kushoto. Upande wa akiba una watu watatu wa kutumainiwa. Wa kwanza hurusha kwa kushoto, na kwa kawaida mpigaji wa kushoto hupata taabu mbele ya mrushaji wa kushoto. Lakini mtu huyu alifanya kazi jana na juzi. Wa pili ni kijana mwenye mkono mpya usiochoka, ila hajapata kuwekwa mahali penye moto kama hapa. Wa tatu ndiye hodari kuliko wote, naye umezoea kumweka kwa ajili ya kipindi cha tisa. Tangu mwaka 2020 kanuni ya ligi kuu ya Marekani yasema mrushaji anayeingia hana budi kuwakabili wapigaji watatu, au kukimaliza kipindi, kabla ya kuondolewa. Kwa hiyo ukimwita yule wa kushoto kwa ajili ya mpigaji mmoja, ujue kwamba wawili wanaofuata hupiga kwa kulia, na wana nguvu. Kesho nako kuna mchezo, na kesho kutwa kadhalika.

Hapo hakuna jibu ambalo ni sahihi siku zote, na mchezo mzuri haukupi jibu. Hukuonyesha hali ya uchovu wa kila mkono, hukuonyesha takwimu zilizopita, kisha hukuacha. Ukimng'ang'aniza aliyechoka, huenda ukashinda leo na ukamkosa kwa wiki mbili. Huenda pia akaumia kiwiko, na katika mchezo unaofuata uhalisia, kama ilivyo katika maisha, jeraha la namna hiyo laweza kumweka nje zaidi ya mwaka. Upasuaji wa kiwiko ulioitwa kwa jina la mrushaji Tommy John, aliyefanyiwa kwa mara ya kwanza na daktari Frank Jobe mwaka 1974, umeokoa kazi za warushaji wengi, na Tommy John mwenyewe alirudi uwanjani mwaka 1976. Lakini hata tiba hiyo hudai muda mrefu, na mchezo usiodai muda huo umemdanganya mchezaji wake juu ya gharama ya mwili wa binadamu.

Ugumu huu huzidishwa na urefu wa msimu. Timu ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara hucheza mechi 30, na baina ya mechi na mechi kwa kawaida kuna siku za kujipanga. Timu ya ligi kuu ya besiboli ya Marekani hucheza michezo 162 ndani ya takriban miezi sita, karibu kila siku inayopambazuka. Watu wa Bagamoyo wana urithi wa kuwafahamisha maana ya jambo hili, kwa kuwa mji wao katika karne ya 19 ulikuwa mlango wa misafara iliyokwenda Unyanyembe na Ujiji, na mnyapara wa msafara alijua kwamba mpagazi aliyebeba frasila mbili hawezi kuharakishwa siku ya kwanza kama kwamba safari itaisha jioni. Posho ilipimwa, vituo vilipimwa, na aliyeugua ilibidi mzigo wake ugawanywe kabla hajaanguka njiani. Meneja wa besiboli ana wachezaji 26 katika orodha yake ya kila siku, akizungusha kwa kawaida warushaji watano wa kuanza, na kazi yake kubwa ni kuhakikisha kwamba watu hao wanaufikia mwezi wa Septemba, mwishoni mwa msimu, wakiwa bado na nguvu ya kushindana. Gemu inayomruhusu mtu kumtumia mrushaji wake bora siku tatu mfululizo bila ya madhara imeuondoa umeneja wote, ikabakiza shangwe.

Mpaka wa pili ni wa elimu: kiongozi hajui kwa yakini alichonacho. Katika michezo mingi ya kawaida kila mchezaji ana nambari moja juu ya paji la uso, na nambari hiyo ni kweli tupu, kwa hiyo kusajili huwa ni kununua nambari kubwa. Katika Out of the Park Baseball meneja huletewa makadirio na mtafuta vipaji, aghalabu kwa kipimo cha 20 hadi 80, ambacho ndicho kipimo cha watafuta vipaji wa besiboli wa kweli. Na mtafuta vipaji huyo ni mwajiriwa wako, mwenye uwezo wake na upungufu wake, ambaye aweza kukosea. Kijana wa miaka 17 aliyesifiwa kuwa ajabu aweza kufika miaka 23 akiwa wa kawaida tu, na aliyeachwa katika ligi ndogo aweza kuchelewa kuiva kisha akawazidi wote. Hapo hujifunzwa adabu ambayo viongozi wa michezo yetu wakiwa nayo itawafaa: kuuliza habari imetoka kwa nani, alimwona mchezaji mara ngapi, na ana sababu gani ya kumsifu.

Mpaka wa tatu ni fedha na wakati. Mchezaji kijana wa ligi kuu ya Marekani hulipwa ujira mdogo kwa miaka yake ya mwanzo, kisha hupata haki ya kulipeleka dai la mshahara wake mbele ya wasuluhishi, na akitimiza miaka sita ya utumishi huwa huru kuiuza kazi yake kwa timu impendayo. Kwa hiyo meneja anayefikiri husoma umri na mkataba kama asomavyo takwimu za uwanjani. Huyu atanifaa miaka mitatu kwa bei ndogo, yule ni nyota lakini amekwisha pita miaka 33 na anataka mkataba wa miaka mitano. Katika gemu iliyoundwa kwa insafu, mmiliki wa timu huweka bajeti na malengo, na meneja anayeshindwa kuyatimiza hufukuzwa.

Ushahidi kwamba mambo haya si ya gemu peke yake ni habari ya Oakland. Bill James, aliyekuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo huko Kansas, alianza mwaka 1977 kuchapisha mwenyewe tafakuri zake juu ya takwimu za besiboli, akishikilia kwamba mengi yaliyosadikiwa na wazee wa mchezo hayakuthibitika yakipimwa. Mathalani, mpigaji mwenye subira, anayeiachia mipira mibovu hata akapewa besi ya kwanza bure, alidharauliwa kwa kuwa hakupiga kitu. Kumbe kufika kwenye besi ndiko kunakozaa pointi. Billy Beane, aliyekuwa mkuu wa Oakland Athletics, timu iliyokuwa na mfuko mdogo, aliyafuata mawazo ya namna hiyo. Na mwaka 2002 timu yake, iliyolipa mishahara ya takriban dola milioni 40, ilishinda michezo 103, ikiwamo 20 mfululizo, idadi ile ile ya ushindi waliyoipata New York Yankees waliolipa takriban dola milioni 125. Oakland walinunua fadhila ambazo wengine walikuwa hawajajua kuzipa bei. Kisha timu zote mbili, ile tajiri na ile maskini, zikatolewa katika hatua ya kwanza ya mtoano mwaka huo huo.

Hili la mwisho latupeleka kwenye mpaka wa nne, nao ni nasibu. Mwaka 2001 Seattle Mariners walishinda michezo 116, idadi ambayo hakuna aliyepata kuizidi katika msimu mmoja wa ligi kuu, na bado walishindwa mara 46 na wala hawakuifikia fainali. Na mwaka 2024 Chicago White Sox walishindwa michezo 121, lakini walishinda 41. Mpenzi wa Simba au Yanga, ambaye huona kushindwa mara tatu katika msimu kuwa ni msiba wa taifa, hana budi kuibadilisha mizani yake anapoingia katika mchezo huu. Humo meneja bora hupigwa mara nyingi sana, na ustadi wake hauonekani katika siku moja; huonekana katika wastani wa siku nyingi, baada ya shauri jema kuzaa matunda mabaya mara kadhaa na bado likashikwa kwa sababu lilikuwa jema. Sijui mafunzo mengine yanayomfundisha kijana kwa upole namna hii kutofautisha uamuzi na tokeo. Kocha anayefukuzwa kwa mechi mbili, na mshabiki anayedai afukuzwe, wangepata nafuu kubwa wakilijua jambo hili.

Haimaanishi kwamba michezo hii imekamilika. Moyo wa mtu haukokotoleki kwa urahisi: zipo nambari za ari na za maelewano chumbani, lakini nambari haijui uzito wa neno moja la mzee wa timu kwa kijana aliyekosea. Udhaifu mwingine ni biashara ya kubadilishana wachezaji, ambapo mameneja wanaoendeshwa na kompyuta waweza kulaghaiwa wakatoa nyota kwa kupewa wachezaji wengi hafifu. Mwenye kupenda uhalisia hupandisha ugumu wa biashara hiyo, na huiwekea nafsi yake sheria ya kutofanya mapatano ambayo yeye mwenyewe, angekuwa upande wa pili, angeyakataa. Sheria hiyo haimo katika programu, na ndiyo inayotofautisha mtu anayejifunza na mtu anayetaka kushinda tu.

Jambo hili laweza kuonekana la mbali na pwani ya Tanzania, lakini besiboli yenyewe haiko mbali tena. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 mchezo huu umekuwa ukifundishwa katika shule za sekondari za Dar es Salaam na mikoa mingine kwa jitihada za Watanzania pamoja na rafiki zao wa Japani, miongoni mwao Shinya Tomonari, ambaye hapo kabla alipata kuiongoza timu ya taifa ya Ghana. Uwanja umejengwa kwa msaada wa Japani katika Shule ya Sekondari ya Azania. Na mashindano ya taifa yamepewa jina la Koshien, uwanja wa huko Japani uliofunguliwa mwaka 1924 ambao ni kilele cha matumaini ya kila mwanafunzi mchezaji wa nchi ile. Jirani zetu wa Uganda wametutangulia: mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Marekani, na mwaka 2022 vijana wawili wa Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male, walisainiwa na Los Angeles Dodgers.

Pamoja na jina la Koshien, tumepokea pia fundisho lake, na fundisho hilo lina upande wa hadhari. Mashindano ya mtoano ya siku chache humtia kocha katika kishawishi kikubwa, kwa kuwa shule aghalabu huwa na mrushaji mmoja tu aliye hodari, na kila mchezo ukiwa ni wa kufa na kupona, humtuma huyo huyo leo, kesho na kesho kutwa. Mwezi Agosti mwaka 1998, katika uwanja wa Koshien, kijana Daisuke Matsuzaka wa shule ya Yokohama alirusha mipira 250 katika mchezo mmoja ulioongezwa hadi vipindi 17, na taifa zima likamshangilia; lakini mwaka 2020 wakuu wa besiboli ya shule za sekondari za Japani waliweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki kwa mrushaji mmoja, kwa sababu walikwisha kuona mikono mingi ya vijana ikiharibika kwa ajili ya shangwe kama hizo. Katika mashindano ya watoto ya Little League sheria ni kali zaidi: mwenye miaka 11 au 12 harushi zaidi ya mipira 85 kwa siku, na akifikia 66 ni lazima apumzike siku nne.

Hapa ndipo gemu na uwanja vinapokutana, na hapa ndipo ninapowaomba walimu wa michezo wa Bagamoyo na wa pwani yote hadi Saadani na Pangani wanisikilize. Kibanda cha gemu hakiwezi kuubeba mchezo wa uongozi, kwa sababu malipo yake ni ya mechi moja moja na mchezo huu hudai miezi. Lakini hauhitaji mashine ya bei kubwa: sehemu yake kubwa ni maandishi na nambari, kompyuta mpakato ya kawaida huuchukua, na lipo toleo la simu. Pale ambapo hakuna hata hiyo, njia ya Richman ya kadi na dado iko wazi. Kikundi cha wanafunzi chaweza kuandika matokeo ya timu yao wenyewe, kila mpigaji alivyofanya na kila mrushaji alivyofanya, kisha kikatengeneza kadi za karatasi ngumu na kucheza msimu mzima darasani. Humo watajifunza asilimia, wastani na uwezekano kwa njia ambayo ubao haujapata kuwafundisha. Na mwalimu atakayeanzisha timu, kabla ya kutafuta magongo na glavu, anunue daftari, akaandike ndani yake tarehe, jina la mrushaji na idadi ya mipira aliyorusha, na asimpeleke mtoto uwanjani kinyume cha daftari hilo hata kama kombe liko mezani.

Ushauri huu haufungiki katika besiboli. Kocha wa mpira wa miguu wa Bagamoyo anayemchezesha kijana wake hodari mwenye goti lililovimba, katibu wa klabu anayetumia fedha za msimu wote katika usajili wa mwezi mmoja, na kiongozi wa chama anayesadiki sifa za mtu mmoja bila ya kuuliza mwingine, wote hao hukosea kwa namna moja, nayo ni kufanya kazi kana kwamba hakuna mipaka. Mchezo wa uongozi ulioundwa kwa uaminifu huyaonyesha makosa hayo mahali ambapo hayamvunji mtu mguu wala hayamfilisi mtu, na humwonyesha aliyekosea matokeo yake hadi mwisho, bila ya kumpa nafasi ya kumsingizia mwamuzi. Timu inayoongozwa na mtu anayejua kiasi cha alichonacho yaweza kushindwa leo bila ya kuharibikiwa kesho; na mchezo unaomfundisha kijana hisabu hiyo umekwisha kumlipa zaidi ya shilingi alizoutolea.